Chuma Kinachotoka Jasho

Jumatatu, 7 Oktoba 1996
Daftari hili nimelinunua kwa kazi moja: kuandika nani kasema nini, na siku gani. Karakana yetu ya Igogo inauzwa, na mahali panapouzwa kila mtu ana maneno mawili, la mbele za watu na la pembeni. Mimi Teodora, mhandisi wa metali, sitaki kuja kuambiwa nilisema nisilosema.

Asubuhi alikuja Bwana Faisal. Huyu ndiye mfanyabiashara aliyepewa miezi mitatu aiangalie karakana kabla hajaamua kuichukua. Akaamuru sanduku lishushwe. Ndani mlikuwa na vipande kumi na viwili vya chuma cha kijivu, kila kimoja urefu wa mkono kufika kiwiko.

"Nyanyua, mama mhandisi," akaniambia.

Nikanyanyua. Ni chepesi kuliko kinavyoonekana. Ubavuni kimegongwa herufi za Kirusi, na nilipozisoma nikakitambua. Ni titani iliyochanganywa na shaba. Kule Dnipropetrovsk nilikosoma, nilikaa miaka mitatu na chuma hiki hiki, nikikibana kikiwa nusu kigumu nusu kimeyeyuka. Ndiyo tasnifu yangu.

"Umekipata wapi?"

"Dubai, kwa Mrusi mmoja anauza vyuma vya nchi yao iliyovunjika. Kwenye karatasi zake kuna jina la chuo. Nikauliza hapa mjini nani amesoma kule, nikatajiwa wewe."

Jibu rahisi mno. Mtu anayesema kweli huwa anakwamakwama kidogo.

Jumatano, 9 Oktoba
Sharti lake nimelielewa leo. Viwanda vya minofu ya sangara vinaosha samaki kwa maji ya klorini, na klorini inakula impela, yaani lile gurudumu lenye mapanga linalozunguka ndani ya pampu na kusukuma maji. Za chuma cha pua hazimalizi hata msimu. Titani klorini haiiwezi. Tukitengeneza impela moja ya titani ikazunguka siku kumi na nne bila kasoro, Bwana Faisal anaichukua karakana pamoja na kazi yake na watu atakaowahitaji. Tukishindwa, anachukua jengo tu, aweke stoo ya nyavu.

Tuko watu arobaini na mmoja.

Titani ya kawaida tanuru letu haliwezi kuiyeyusha. Lakini hii yenye shaba, ikifika nyuzi elfu moja na hamsini, inalegea. Punje zake hubaki ngumu, na katikati ya punje hupita maji ya shaba. Inasimama yenyewe kama ugali, na ukiibana inakwenda unakotaka. Nguvu ya kubana na joto lake vyote viko kwenye jedwali la tasnifu yangu. Nilimwambia hivyo mbele ya wote. Nilijisikia vizuri kulisema.

Jumatatu, 14 Oktoba
Mvua bado. Gugu maji limefunika ukingo wa ziwa lote upande wetu, utadhani unaweza kutembea juu yake.

Alhamisi, 17 Oktoba
Kipande cha kwanza. Tulikipaka udongo uliochanganywa na unga wa chupa, kisipigwe na hewa ya moto. Mzee Shimba alikuwa kwenye tanuru, fundi Obedi kwenye presi, mashine ya kubania. Mzee Shimba ni Msukuma wa Buswelu, ana miaka ishirini na saba kwenye tanuru lile. Anasoma joto kwa rangi ya moto na hapendi kipimo changu cha waya. Presi yetu ni ya zamani, inashuka taratibu, karibu dakika nzima mpaka ifike chini. Hilo halikunitisha. Kwenye jedwali langu kuna mstari wa kubana haraka, wa kubana wastani na wa kubana polepole. Tulifuata wa polepole.

Impela ilitoka na umbo zuri. Ilipopoa ikapasuka mapanga matatu, yote kwenye kingo.

Mzee Shimba aliinama, akaigusa. "Mama, chuma hiki kinatoka jasho. Umekiona pembeni? Tunakikamua kama nguo iliyofuliwa."

Obedi akacheka. Sikupenda kicheko kile.

Jumatano, 23 Oktoba
Cha pili. Kimepasuka vilevile.

Wakati wa chai niliwakuta Mzee Shimba na wazee wenzake nyuma ya stoo ya makaa. Waliponiona, mmoja akaanza kusifia mvua ambayo haijanyesha. Inasemekana wazee hawataki kazi hii ifaulu. Wakipunguzwa sasa watarudi kwenye pamba na ng'ombe wao wakiwa na kitu mkononi. Aliyeniambia ni Obedi. Na Obedi kwa nini aliniambia?

Jumatatu, 28 Oktoba
Nimempata.

Nilifika saa moja kasoro, kabla ya kengele, nikafungua tanuru. Waya wa kipimo cha joto umevutwa kutoka nilipouweka, vidole vinne vizima. Kumbe tumekuwa tukibana chuma kwenye joto lisilo lake.

"Mzee Shimba, shikamoo. Nani amegusa waya huu?"

"Marahaba. Nimeuvuta mimi. Pale ulipouweka unapigwa na ulimi wa moto, unasema uongo."

"Umeuvuta bila kuniambia?"

"Ningekuambia ungekataa."

Alisema hivyo bila hata kuinua macho. Nikaurudisha waya, tukabana kipande cha tatu. Kimepasuka. Ila nani ajue amegusa nini kingine?

Alhamisi, 31 Oktoba
Nimemwandikia Bwana Faisal ripoti. Neno nililotumia ni "hujuma". Niliandika kwanza "uzembe", nikalifuta.

Ijumaa, 1 Novemba
Bwana Faisal aliwakusanya wote getini saa ya kutoka, akanipa ripoti niisome mwenyewe. Nikaisoma. Mzee Shimba alisikiliza mpaka mwisho, amevua kofia.

"Mwanangu," akasema, "umesoma hujuma. Hujuma ni wizi. Mimi nimeiba nini?"

Bwana Faisal akamwambia asirudi kazini. Akavaa kofia, akaenda zake. Watu walimpisha njia, na baada ya hapo hakuna aliyenipisha mimi.

Nyumbani Nyegezi nilimweleza mdogo wangu Modesta, tunayekaa naye. Ni muuguzi, anaongea na watu siku nzima na anaamini wengi wao. Akaniambia, "Dada, nimekuwa nikikusikiliza mwezi mzima. Kwenye hadithi zako hakuna mtu mwema hata mmoja."

Nashangaa amejuaje ninayoandika. Kuanzia leo daftari linakaa chini ya godoro.

Jumatatu, 4 Novemba
Mvua ya kwanza. Dakika kumi.

Ijumaa, 8 Novemba
Kipande cha nne, bila Mzee Shimba. Waya mahali pake, joto langu, udongo nimepaka kwa mkono wangu. Kimepasuka kama vile vitatu vya kwanza, kwenye kingo, kana kwamba kimefundishwa na wenzake.

Jumanne, 12 Novemba
Basi ni Obedi. Nimemkagua leo saa nzima. Mkono wake kwenye presi haukutetereka, alifuata namba zangu moja baada ya nyingine. Kipande cha tano kikapasuka mikononi mwake naye akanitazama kama mtoto aliyevunja sahani ya watu. Au anajua kuigiza.

Ijumaa, 15 Novemba
Nimemkuta Bwana Faisal na mtu mwingine wakipima ukuta wa karakana kwa futi ya kamba. Akasema anapima tu. Anapima nini? Anayetaka jengo anafaidika tukishindwa. Labda hata chuma hiki kina kasoro na yeye anajua. Nimekaa nalo siku nzima. Ukiunganisha vizuri, kila mtu Igogo ana sababu ya kunihujumu.

Jumanne, 19 Novemba
Kipande cha sita hakikupasuka!

Nimekitazama kwa lenzi kila upande, sikuona hata unywele. Obedi alipiga vigelegele kama mwanamke harusini. Bwana Faisal hakungoja hata kipoe vizuri. Kakichukua kikachongwe shimo la kati, kesho kinafungwa kwenye pampu ya kiwanda chake cha minofu. Nimewaambia wote: mnaona, mzee alipoondoka.

Ijumaa, 22 Novemba
Lazima niandike yote, na niandike kwa utaratibu.

Leo sikuwa na kazi, nikasema nikate kimoja kati ya vile vilivyopasuka nione ndani yake. Nilikata panga moja kwa msumeno, nikasugua kwa msasa mpaka uso ukawa kioo, kisha nikakipasha kidogo kwenye moto wa gesi. Titani ikipashwa hivyo inavaa rangi, na penye shaba nyingi rangi huwa nyingine.

Katikati palikuwa na rangi moja, punje zimebanana hazina kitu kati yake. Kingoni palikuwa na ukanda mpana wa rangi nyingine. Shaba yote imekimbilia pembeni. Wakati presi ilipokuwa inashuka taratibu, yale maji kati ya punje yalipata muda wa kukimbia, katikati pakabaki pakavu na kingo zikawa tete kama biskuti. Chuma kimekamuliwa kama nguo. Kilitoka jasho, na mzee aliliona kwa macho matupu siku ya kwanza.

Nikakata cha nne, nilichokibana bila yeye. Ni hivyohivyo.

Basi jedwali langu linasema nini? Linasema ukibana polepole kwenye joto hili chuma kinakaa sawa. Nililitoa kwenye sanduku, ingawa sikuhitaji kulitoa. Ninajua.

Februari 1989 mashine ya kubania pale chuoni iliharibika. Nilikuwa nimemaliza vipimo vya haraka na vya wastani. Vya polepole nilikuwa sijagusa hata kimoja. Siku za ufadhili zilikuwa zimebaki chache, na fundi wa mashine alisema nisubiri hadi majira ya joto. Nilichukua rula. Nikaunganisha nukta nilizokuwa nazo, nikauvuta mstari mpaka upande wa polepole, nikasoma namba kwenye mstari na kuziandika kwenye jedwali kana kwamba nilizipima. Msimamizi wangu alisaini. Mstari ulikuwa umenyooka vizuri sana.

Miaka saba sikuwahi kulikumbuka jambo hili kama uongo. Nilikuwa nalikumbuka kama uhodari.

Na hapa Igogo presi yetu ni ya polepole. Kati ya mistari yote tuliufuata huo mmoja. Nilikagua waya, nikakagua mkono wa Obedi, nikakagua futi ya Bwana Faisal, nikamkagua mpaka mdogo wangu. Daftari hili nilimnunulia nani?

Mzee Shimba amekaa nyumbani wiki tatu sasa.

Jumamosi, 23 Novemba
Mvua kubwa. Sikutoka.

Jumapili, 24 Novemba
Nilikwenda misa. Impela ya sita inazunguka siku ya tano. Najiambia haijapasuka. Najiambia pia kwamba huenda ile ni tofauti.

Haiwezi kuwa tofauti.

Jumatatu, 25 Novemba
Asubuhi nilikwenda kiwandani kwenye pampu, nikidai kwamba ninakagua tu. Pampu imekaa hatua tatu kutoka kwenye meza ya kuchunia minofu. Wanawake wanane wamesimama pale na visu vyao na mabuti meupe. Wa karibu kabisa anaitwa Suzana. Alinisalimia, akasogeza ndoo yake nipite. Nikaweka kiganja juu ya ganda la pampu. Kulikuwa na mtetemo. Mdogo, kama moyo wa kuku.

Nilimwambia msimamizi wa zamu azime pampu. Akasema bila kauli ya Bwana Faisal hazimi, samaki wa asubuhi wote watalala. Nikamwambia itavunjika. Akauliza, nani kasema? Nikasema, mimi niliyeitengeneza. Akacheka: "Wewe si ndiye uliyesema haivunjiki?"

Nikavuta swichi kubwa mwenyewe. Kiwanda kizima kikanyamaza. Msimamizi alinishika mkono kwa nguvu, bado una alama, akanifokea mbele ya akina mama wale mpaka mate yakanirukia. Nikakaa chini kwenye sakafu yenye maji, mgongo wangu ukiegemea swichi, nikasema sitoki mpaka ganda lifunguliwe.

Bwana Faisal alifika, akaagiza lifunguliwe.

Ufa ulikuwa na urefu wa kidole cha kati. Ulianzia kingoni mwa panga, ulikuwa umebakiza kidogo kufika kwenye shimo la katikati. Suzana aliutazama, akautazama umbali wa meza yake, akajifunga upya kitambaa cha kichwa.

Jumanne, 26 Novemba
Nimemweleza Bwana Faisal yote, pamoja na rula. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akafungua droo, akanionyesha karatasi za Mrusi wa Dubai: jina la chuo, muhuri, orodha ya vipande kumi na viwili. Kila kitu alichoniambia tarehe saba Oktoba kilikuwa kweli. Futi ya kamba ilikuwa ya kupima mahali pa kuweka tanuru la pili.

"Kukosea ningekuvumilia," akasema. "Nimefanya biashara, najua hasara. Lakini ulimtoa mtu kazini kwa namba ulizozibuni. Kesho utamwibia nani jina lake?"

Amenisimamisha. Nimerudisha funguo.

Alhamisi, 28 Novemba
Nimekwenda Buswelu. Mzee Shimba alikuwa akipalilia mihogo, na mkewe ndiye aliyenipa kiti. Nilisema yote nikiwa nimesimama.

Mzee hakuacha jembe mpaka alipomaliza tuta. "Kwa hiyo jasho lilikuwepo."

"Lilikuwepo, mzee. Nakuomba unisamehe."

"Yaya," akasema kwa Kisukuma. Hapana. Akajifuta uso. "Uliponiita mwizi hukuniita faragha. Uliniita getini, saa ya kutoka, watu wote wakiwepo. Msamaha wa shambani hapa utausikia nani, mihogo?"

Jumatatu, 2 Desemba
Getini, saa ya kutoka. Bwana Faisal aliniruhusu. Nilisema: waya mzee aliuvuta kwa haki, jasho mzee aliliona, vipimo vya polepole sikuvipima, nilivichora. Katikati nililazimika kuanza upya sentensi nzima. Hakuna aliyezomea. Ingekuwa nafuu wangezomea.

Mzee Shimba alikuwa nyuma kabisa, na kofia kichwani. Nilipomaliza akapita katikati ya watu, akaingia karakana, akawasha tanuru.

Jumamosi, 7 Desemba
Modesta anasema wanatumia ile nyundo ya kudondosha, gogo la chuma linaloachiwa kutoka juu. Pigo moja tu, maji ya shaba yasipate muda wa kukimbia. Mzee amewaza mwenyewe. Obedi ndiye aliyemweleza Modesta hospitalini, alipokwenda kufungwa kidole. Nimefurahi na nimeona wivu, vyote viwili, na sijui kipi kilitangulia.

Jumamosi, 14 Desemba
Saa nne asubuhi nilikuwa nafua. Mtu akabisha hodi. Alikuwa Mzee Shimba, matope mpaka magotini.

"Shikamoo, mzee. Karibu."

"Marahaba. Sikuja kusamehe," akasema, bado kasimama mlangoni. "Hilo lina siku yake. Nimekuja kwa sababu vipande vitano nimeviharibu. Kikiwa moto sana nyundo inakirusha kama uji. Kikipoa kidogo kinakataa. Kimebaki kimoja. Macho yangu yamezoea shaba na chuma cha pua. Hiki kina tabia zake, nawe umekaa nacho miaka mitatu."

Nikaacha nguo kwenye beseni.

Karakana ilikuwa imejaa ingawa ni Jumamosi. Hakuna aliyenisalimia ila Obedi. Mzee akanipeleka mbele ya tanuru, akauliza, kila mtu akisikia:

"Haya, mhandisi. Kwa pigo la nyundo, joto kiasi gani?"

Kwenye jedwali langu mstari wa kubana haraka ni wa kweli, niliupima. Lakini haraka ya mashine ile si haraka ya gogo linaloanguka. Namba ilinijia mdomoni yenyewe, kamili, ya kupendeza.

"Sijui," nikasema. "Tupime."

Tulikusanya vile vitano vilivyoharibiwa na nyundo, tukavikata vidogovidogo. Mzee aliuweka waya anapotaka yeye. Tukapasha kimoja, tukapiga, tukakata, tukaangalia rangi. Tukapasha kingine, nyuzi kumi chini. Yeye alikuwa akitaja rangi ya moto, mimi nikitaja namba, Obedi akiandika zote mbili. Mara kumi na moja. Kwenye cha kumi na moja rangi ilikuwa moja kutoka kati mpaka ukingoni.

Ndipo tukapiga cha mwisho. Nyundo ilitua, sakafu ikatikisika, vumbi la paa likatudondokea sote. Mzee alikitoa kwa koleo, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu.

"Hakina jasho," akasema.

Jumatano, 18 Desemba
Imefungwa kwenye pampu. Mimi siruhusiwi kiwandani. Suzana amemwambia Modesta sokoni kwamba kila asubuhi anaweka kiganja juu ya ganda kabla hajashika kisu.

Jumatano, 25 Desemba
Noeli. Mvua mchana kutwa.

Ijumaa, 3 Januari 1997
Siku kumi na nne zimetimia juzi. Wameifungua impela, wameikata panga moja wahakikishe, haina ufa. Bwana Faisal ameagiza chuma kingine.

Leo alisoma orodha getini. Watu thelathini na wawili wanabaki. Tisa wanaondoka, na wawili kati yao walilia waziwazi. Mzee Shimba ni mkuu wa tanuru. Obedi yuko. Mimi nilikwenda kuchukua barua yangu ya kuachishwa, nikasimama nyuma kama mgeni.

Orodha ilipokwisha Obedi akanyoosha mkono. "Samahani, Bwana Faisal. Mbona mhandisi hayumo? Siku ile ya nyundo si tulikuwa naye?"

Watu wakageuka. Bwana Faisal akafunga karatasi yake, akaanza kuwaaga watu. Nikaona anataka kunistiri.

"Obedi," nikasema, "mimi simo kwa sababu nilibuni vipimo, na mzee huyu akafukuzwa kwa ajili yangu."

Nilidhani kulisema getini mara ya pili kungekuwa rahisi. Hakukuwa rahisi hata kidogo. Mzee Shimba alinitazama, akavua kofia yake.